Anayefungua Klampu Siye Anayeanguka

Hotuba kwa mafundi, vibarua na wasimamizi wa ujenzi, kabla ya kuanza kazi ya siku

Ndugu zangu mafundi, ndugu zangu saidia fundi, wasimamizi, na wewe mwenye mradi uliyekubali kazi isimame asubuhi hii ili tuzungumze, asanteni. Najua saa moja ya watu wote hawa ni kipande kizima cha ukuta kisichojengwa. Nitajitahidi msiondoke hapa mkiona mmepoteza muda.

Nimeombwa nizungumzie usalama kwenye jukwaa. Nikisema jukwaa nina maana ya kile tunachosimamisha kando ya ukuta ili tufike mahali mikono isipofika. Liwe la mabomba na klampu, vile vishikizo vya chuma vya kuyaunganisha, la fremu, la nguzo za miti na kamba, la magurudumu, au lile linaloning'inizwa kwa nyaya kutoka juu ya paa. Wengine mnaliita skafoldi. Sote tumeshalipanda, na wengi wetu tutalipanda tena leo kabla ya saa sita.

Kuna maneno tunayasema kila mtu anapoanguka: ajali haina kinga. Nimeyasikia msibani, nimeyasikia kwenye benchi la hospitali, nimeyasikia kwa wasimamizi wakiwa wamekunja mikono. Ninawaelewa wanaoyasema. Yanampoza mfiwa, na yanamwondolea lawama kila aliyekuwepo. Lakini kwenye jukwaa si ya kweli. Jukwaa halimwangukii mtu kama radi. Chukua lolote lililowahi kuanguka, rudi nyuma siku moja, siku tatu, wiki moja, utakuta mkono wa mtu. Kuna aliyefungua klampu. Kuna aliyekopa ubao akasema atauleta. Kuna aliyeona nguzo imesimama juu ya tofali lililopasuka, akapita zake. Na mara nyingi mno mkono ule si wa yule aliyeanguka. Hilo ndilo lililonileta hapa, na mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo hapo.

Nina sababu ya kulisema kwa uchungu. Nilikuwa na miaka 22, nimeanza juzi juzi kuaminiwa na mwiko wa lipu. Tulikuwa ukuta wa nje, ghorofa ya pili. Jukwaa lilikuwa limeshikizwa kwenye jengo kwa mabomba mafupi, ndivyo vifungo vyake, na mawili kati ya hayo yalinikaa njiani kabisa. Kila nikivuta ubao wa kusawazishia lipu, unagonga bomba na kuacha kovu ukutani. Msimamizi alitaka upande ule uishe kabla jua halijazama. Nikaazima spana kwa mwenzangu, nikafungua vifungo vyote viwili. Nikajiambia nikimaliza nitavirudisha.

Nilimaliza. Lipu ilikuwa safi, nikasifiwa. Jua likazama, nikanawa mikono, nikaenda nyumbani. Asubuhi yake nikapelekwa upande mwingine wa jengo, na sikumwambia mtu. Siku ya tatu wakaja wapaka rangi. Mchana upepo ukavuma, wala haukuwa upepo wa kuogofya, ni ule wa kupeperusha mifuko mitupu ya saruji. Jukwaa likafunguka kutoka ukutani kama mlango. Kijana mmoja akawahi kushika dirisha. Wa pili, mtu mzima wa umri wa baba yangu, alishuka nalo mita 6.

Hakufa. Nyonga ilivunjika, na hakupanda tena jukwaa maisha yake yote. Waliokuja kutazama waliandika kwamba ulikuwa upepo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka pale, spana nikiijua ilipo, vifungo nikivijua vilipolala chini ya rundo la mchanga. Yule mzee hakuwahi kujua jina langu. Nilichukua miaka mingi kuweza kuyasema haya mbele za watu, na ninayasema kwa kuwa naamini humu ndani yupo mwenye vifungo vyake chini ya mchanga, na jukwaa lake bado halijaanguka.

Nilijiuliza sana kwa nini nilifungua bila hata moyo kushtuka. Nisingethubutu kuchokoa nguzo ya jengo lenyewe. Nisingegusa waya wa fundi umeme. Jibu nililolipata ni kwamba jukwaa halina mwenyewe. Ukuta ni wa mwashi, mabomba ya maji yana fundi wake, mlango una seremala. Jukwaa hupandwa na hao wote na hakuna anayesema ni langu. Tena ni la muda, na neno hilo "muda" linatulegeza. Jengo la kudumu lina mchoro, lina mhandisi, lina mtu anayekuja kulikagua. Hili linalobeba uhai wetu kwa miezi, mara nyingi halina hata karatasi moja.

Basi lipewe mwenyewe. Awe mtu mmoja mwenye ujuzi wa jukwaa, jina lake liandikwe kwenye kadi chini ya ngazi, pamoja na tarehe aliyolikagua na mzigo linaoweza kuubeba. Kadi ya kijani, panda. Kadi nyekundu, au hakuna kadi, usipande. Kifungo kikikukaa njiani, mwite yeye, aweke kingine pembeni kwanza ndipo akitoe kile. Kama angekuwepo mtu wa namna hiyo siku ile, ningempigia mluzi tu. Kazi ile ni ya dakika 10.

Kuhusu kukagua, nchi hazifanani. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 za kazi za juu zinataka jukwaa likaguliwe kabla ya kutumika mara ya kwanza, kisha kila baada ya siku zisizozidi 7, na baada ya jambo lolote linaloweza kulidhoofisha. Kanuni za Marekani zinataka mtu mwenye ujuzi alitazame kabla ya kila zamu. Mimi niko upande wa kila zamu, na mnajua kwa nini: kwangu mimi siku 3 zilitosha. Mkaguzi wa wiki angekuja kukuta mtu ameshalazwa. Wiki ni ndefu sana mahali ambapo spana inazunguka mikononi.

Sasa nizungumzie vifungo hivyo vya ukutani, maana ndivyo vinavyodharauliwa kuliko kitu kingine. Jukwaa refu jembamba haliwezi kusimama kwa miguu yake. Kanuni ya Marekani inasema likizidi urefu mara 4 ya upana wa chini, lazima lishikwe lisipinduke. Yaani jukwaa la upana wa mita moja na robo, likivuka mita 5 linaegemea jengo kwa uhai wake. Na mkumbuke wavu. Tunafunga wavu au turubai kwa nje ili kokoto zisimwangukie mpita njia, jambo jema kabisa. Lakini ukishaufunga umelitweka jukwaa tanga. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Kila anayeweka wavu inampasa aulize kwanza kama vifungo vimeongezwa. Nimeona watu wakifunga wavu mzuri wa kijani kuanzia juu mpaka chini juu ya jukwaa lililoshikiliwa na waya wa kufungia nondo.

Tena kifungo kina nguvu sawa na kile kilichofungiwa. Hapa nitawapeleka mbali kidogo. Tarehe 27 Aprili 1978, Willow Island, katika jimbo la West Virginia huko Marekani, watu walikuwa wanajenga mnara mkubwa wa kupozea maji ya kituo cha umeme. Jukwaa lao halikusimama ardhini. Lilishikizwa kwenye ukuta wa mnara wenyewe, likipanda nao kila zege jipya lilipomwagwa. Asubuhi ile lilikuwa limeshikilia zege lililomwagwa siku iliyotangulia. Zege halikuwa limekomaa kubeba mzigo uliowekwa. Likabomoka, jukwaa likaanza kuporomoka upande mmoja na kuzunguka mnara mzima, kutoka kimo cha mita 50 hivi. Walikufa watu 51. Wote waliokuwa juu yake.

Mngedhani somo lile lilijifunzwa mara moja kwa dunia nzima. Tarehe 24 Novemba 2016, katika mji wa Fengcheng, jimbo la Jiangxi nchini China, mnara wa aina ile ile ulikuwa unajengwa. Maumbo ya zege, yale yanayolishikilia mpaka ligande, yaliondolewa kabla zege halijapata nguvu, na majukwaa yakaanguka na watu wake. Walikufa zaidi ya 70. Miaka 38 imepita kati ya ajali hizo mbili, na zege halijabadilika: linahitaji siku zake, na kwenye baridi linahitaji zaidi. Wale waliokuwa juu hawakuwa wao walioamua lini maumbo yatolewe. Sisi pengine hatutajenga minara ile, lakini kila tunapotoboa ukuta uliojengwa jana ili tuweke kifungo cha jukwaa la leo, tunafanya jambo lile lile kwa kipimo kidogo.

Tushuke miguuni. Bomba la jukwaa lina kipenyo kisichofika sentimita 5, na nguzo moja yaweza kushusha tani na zaidi. Uzito huo wote juu ya duara dogo vile ni sindano. Kwenye udongo itadidimia, na haitadidimia sawasawa na wenzake. Ndiyo sababu ya sahani ya chuma chini ya nguzo, na ubao mpana mnene chini ya sahani. Tofali halifai, kwa kuwa tofali hupasuka bila kukuarifu. Ndoo iliyopinduliwa haifai, vipande vya mbao vilivyopangwa havifai. Udongo uliokuwa mgumu wakati wa jua si ule ule baada ya mvua. Na hapa tena ule mkono wa mtu mwingine: fundi bomba anakuja na kibali chake halali, anachimba mtaro wa maji taka nusu mita kutoka kwenye miguu ya jukwaa. Hana ubaya. Anafanya kazi aliyoambiwa. Lakini hakuna aliyemwonyesha jukwaa, na hakuna aliyemwonyesha mwenye jukwaa mtaro.

Mzigo nao tunaupima kwa macho, na macho yanatudanganya. Ndoo ya lita 20 ikijaa chokaa mbichi ya kujengea ina kilo 40 hivi. Tofali la saruji lisilo na tundu laweza kufika kilo 25, kwa hiyo ukipandisha 40 umepandisha tani nzima, kabla hujahesabu mtu hata mmoja. Na huwa tunazirundika wapi? Katikati ya ubao, pale mwashi atakapozifikia vizuri, ndipo pale ubao ulipo dhaifu. Zipangwe karibu na nguzo, zipandishwe kidogo kidogo. Kanuni za Marekani zinadai jukwaa liweze kubeba uzito wake pamoja na mara 4 ya mzigo uliokusudiwa. Nimewahi kumsikia msimamizi akisema, basi tukizidisha kidogo hakuna neno, ziko mara 4. Ndugu yangu, zile mara 4 hukupewa wewe. Zimewekwa kwa ajili ya kutu iliyo ndani ya bomba usiyoiona, ya klampu iliyokazwa nusu, ya ubao wenye fundo lililokauka. Ukizila, siku kutu ile itakapodai haki yake hakutakuwa na akiba.

Ubao wa kukanyaga nauheshimu kama ninavyoheshimu ngazi ya chombo baharini. Usipakwe rangi, maana rangi hufunika nyufa. Usitumike ubao wa kumwagia zege uliochoka, umejaa matundu ya misumari. Upana wa kukanyagia ujazwe mbao, usiachwe na mapengo, na usipungue sentimita 46 hivi, kwa kuwa mtu aliyebeba karai hapaswi kutembea kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Ncha za ubao ndizo zenye hila. Ubao ukivuka kidogo sana bomba unalolilalia, utateleza na kuchomoka. Ukivuka sana, atakayekanyaga ncha ataunyanyua upande wa pili kama pembea, naye atazama. Kwa mbao zisizozidi mita 3, ncha ivuke angalau sentimita 15 na isizidi 30, isipokuwa imefungwa barabara. Mimi ncha ndefu isiyofungwa naiita mtego, kwa kuwa umetegwa na mtu, na mtegaji ameshaondoka.

Na ubao wa kukopa! Huu ndio ugonjwa wetu mkubwa. Toroli linahitaji daraja, mtu anapanda anachomoa ubao mmoja katikati, anaondoka nao. Saa mbili baadaye mpaka rangi anarudi nyuma hatua moja kutazama kazi yake ilivyokaa, kama kila fundi anayeipenda kazi yake anavyofanya. Nyuma yake hakuna kitu. Nawaomba saidia fundi mnaosikia: ukitumwa ubao na ukaona ule wa karibu uko juu ya jukwaa, rudi ukaseme haupo.

Mambo ya pembeni nayapitia upesi kwa sababu mnayajua. Reli ya juu iwe kama mita moja kutoka unapokanyaga, ya pili katikati yake, na ubao wa mguuni wa sentimita 10 hivi ili nyundo isimshukie aliye chini. Pandeni kwa ngazi iliyofungwa, ivuke jukwaa kwa karibu mita moja ili uwe na pa kushika unapoingia. Msipande kwa mabomba ya mshazari. Jukwaa la magurudumu lifungwe breki, na lisisukumwe mtu akiwa juu, hata akisema yeye ni mwepesi. Mkae mbali na nyaya za umeme, mita 3 ni kiasi cha chini kabisa kwa nyaya za kawaida, na mkumbuke mnapoinua bomba refu wima kwamba nalo linahesabiwa.

Wengine watasema, sisi hatupandi juu sana. Hebu tuhesabu. Kutoka mita 2 unafika chini kwa sekunde 0.6, ukiwa na mwendo wa kilomita 23 hivi kwa saa. Kutoka mita 5 ni sekunde moja, mwendo wa kilomita 36 hivi kwa saa. Sekunde moja ni muda wa kushtuka, hautoshi hata kuita jina la mama yako. Hakuna mwenye mikono myepesi ya kuushinda. Kwa hiyo yule anayeninong'oneza kwamba amezoea, nitamwambia mazoezi yake yamemfundisha kutembea juu, hayajamfundisha kuanguka.

Tuje kwenye mkanda wa usalama, ule wa mabega na mapaja. Ninaupenda na ninauhofia. Ninauhofia kwa sababu wasimamizi wengine hununua mikanda wakaona wamemaliza, jukwaa likabaki bila reli. Reli inamzuia mtu asianguke. Mkanda unamdaka akiwa ameshaanguka, na kudakwa kuna masharti yake. Kamba ya kawaida ya mita 2 yenye kipande cha kupunguza mshtuko, ikinyooka yote na kipande kile kikifunguka, pamoja na urefu wa mwili wako, inahitaji karibu mita 6 za nafasi kutoka ulipoifungia hadi chini. Ukiifunga kwenye kitu kilicho mita 4 kutoka ardhini, utafika ardhini ukiwa umevaa mkanda. Tena ifungiwe wapi? Kwenye reli iliyoshikwa kwa klampu moja? Ifungiwe juu ya kichwa chako kila inapowezekana, mahali palipoamuliwa na mwenye ujuzi. Na mtu akishaning'inia ashushwe ndani ya dakika chache, kwa kuwa mikanda ile ya mapajani inazuia damu kurudi moyoni. Kama hamna mpango wa kumshusha, ngazi iko wapi, nani anakimbia, basi mmenunua nusu ya kitu.

Wasimamizi, sasa nazungumza na ninyi, na wenzetu wengine wasikilize tu.

Tarehe 24 Desemba 2009, Toronto nchini Kanada, mafundi walikuwa wanakarabati zege la roshani za jengo refu, wakitumia jukwaa la kuning'inia, ghorofa ya 13. Bonasi ilikuwa imeahidiwa endapo kazi ingeisha kabla ya mwaka kuisha. Jioni ile watu 6 walipanda ili washuke waende makwao. Kamba za uokozi zilikuwa 2. Meneja wa mradi alikuwa pale pale. Aliuliza habari za kamba, akaambiwa asiwe na wasiwasi, naye akaacha mambo yaendelee. Jukwaa likakatika katikati. Mmoja aliyekuwa amefungwa sawasawa alibaki ananing'inia, mzima. Watano wakaanguka. Wanne walikufa, wa tano akaumia vibaya sana. Mwaka 2016 meneja yule alihukumiwa kifungo cha miaka 3 na nusu.

Ninalolikumbuka kila ninapoisimulia ni kwamba aliuliza. Jicho lake liliona, mdomo wake ukauliza, maana yake alijua. Kisha akapokea jibu jepesi kwa sababu jibu zito lingechelewesha watu jioni ile. Ndugu zangu wasimamizi, tarehe ya kukabidhi kazi haipandi jukwaa. Ninyi ndio mnaoamua kama anayeuliza ataonekana mwoga au fundi. Siku ile nilipofungua vile vifungo, kama msimamizi wangu angenionyesha hata mara moja kwamba anajali vile vipande vya bomba kuliko upande ule kuisha kabla ya giza, nisingevigusa. Simtupii lawama yangu, mkono ulikuwa wangu. Lakini haraka ilikuwa yake.

Kwa upande wenu mnaolipwa kwa siku, sitawahubiria ushujaa kana kwamba sijui kibarua ni nini. Najua mtu akikataa kupanda, nje ya geti wamesimama watano wanaomsubiri aondoke. Lakini jueni kwamba haki ya kujiondoa kwenye hatari imeandikwa. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaohusu usalama na afya katika ujenzi, unasema mfanyakazi mwenye sababu nzuri ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu ana haki ya kujiondoa, na ana wajibu wa kumwarifu msimamizi wake mara moja. Mwaka 2022 shirika hilo likaiweka kazi salama miongoni mwa haki za msingi kabisa za kazini. Karatasi hizo peke yake hazitakushikia nafasi yako. Ndiyo maana nasema msikatae mmoja mmoja. Mmoja akikataa ni mkaidi. Kikosi kizima kikisimama chini ya ngazi na kusema, "Bosi, kifungo cha tatu hakipo, kikirudi tunapanda," hilo linakuwa taarifa, na mwenye akili ataisikia.

Neno la mwisho ni kwa kikosi cha jukwaa chenyewe, mnaosimamisha na kubomoa. Ninyi mko hatarini kuliko sisi wote, kwa kuwa mnafanya kazi juu ya kitu ambacho hakijakamilika. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kubomoa ndiko kushuka kwenu, na huko ndiko haraka inakozidi, maana kazi imeisha na lori liko getini. Vifungo vitolewe ngazi kwa ngazi mnaposhuka, vya chini vibaki mpaka mfike. Msivitoe vyote asubuhi ili kazi iwe nyepesi mchana. Bomba lishushwe kwa mkono au kwa kamba, lisitupwe. Na jukwaa lililobomolewa nusu lipewe kadi nyekundu na kuzibwa ngazi yake, kwa sababu yupo mpaka rangi aliyesahau brashi yake ghorofa ya tatu, na kesho asubuhi atakuja kuifuata akiwa hana habari.

Nimemaliza maneno. Nusu saa iliyobaki tuitumie nje. Tutaanza na jukwaa la upande unaopokea upepo, tuanzie miguuni, tupande na macho mpaka juu, na vifungo tutavihesabu kimoja kimoja kwa sauti. Kikipungua hata kimoja hatutaulizana leo nani alikitoa, tutakirudisha. Na kila mwenye spana ya klampu mfukoni ambaye si wa kikosi cha jukwaa, naomba aiache hapa mezani anapopita.